Maji ya Mgeni

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, maana mabati yalikuwepo na pikipiki zilikuwepo, palikuwa na kijiji kikiitwa Bulingwa, na kando yake ukipita mto Ndalima. Mto mzuri, sisemi uongo. Maji meupe, ya baridi, yakiteremka kutoka vilima ambako watu fulani walipasua miamba kutafuta dhahabu. Wakaipata, wakaondoka nayo, wakaacha vifusi. Dhahabu ilikwenda na wenyewe, vifusi vikabaki na wanakijiji. Ndivyo dunia ilivyo, na mimi siipendi.

Sasa watu wa Bulingwa walikuwa na mila moja, na hadithi nzima imesimama juu ya mila hiyo, kwa hiyo wewe uliyejinyoosha huko nyuma, kaa vizuri. Mgeni hapewi maji ya mto. Kumpa mgeni maji ya mto ni kumwambia: sisi hatuna kitu, na wewe si kitu. Kila nyumba yenye bati ilikinga maji ya mvua wakati wa masika, ikayatia mtungini, ikaufunika mtungi na kuuweka chumbani. Huo ndio mtungi wa mgeni. Mtoto wa nyumba akiugusa, anachapwa. Baba mwenye nyumba akishikwa na kiu ya kufa, anakunywa ya mto. Mkwe akija, anakunywa ya mvua.

Kijiji kikaanza kuugua. Viganja vya watu vikaota vijipele vigumu kama punje za mtama. Nyayo zikapasuka. Vifuani yakatokea madoa meusi, na wengine wakapata vidonda visivyofunga. Watu wakasema ni jua. Wakasema ni jembe. Wakasema, kama wanavyosema watu wakichoka kusema mengine, ni mkono wa mtu.

Katika waliokufa kwa maradhi hayo alikuwamo Lubinza. Aliacha wajane wawili katika boma moja. Mkubwa ni Nyanzobe, mdogo ni Mbuke. Lubinza alikuwa ameanza kuezeka nyumba za wake zake kwa bati. Alianzia kwa mdogo, kama wanaume wengi walivyo, akafa kabla hajafika kwa mkubwa. Kwa hiyo Mbuke akabaki na bati na mtungi wa mgeni, na Nyanzobe akabaki na nyasi na mdomo.

Na mdomo wa Nyanzobe, jamani! Kama jambo lilikuwa limepinda, alisema limepinda, hata kama aliyelipinda amekaa mbele yake na anakula ugali wake. Watu walimheshimu kwa mbali. Kumpenda walimwachia marehemu.

Basi siku moja akaja mpimaji wa maji kutoka maabara ya mkoa. Jina lake Tusajigwe, mwanamke mwenyeji wa nyanda za juu kusini, mpole, mwenye sanduku la chupa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende, alimkaribisha kwa heshima zote. Kiti kikaletwa. Chai ikaletwa. Mpimaji akasimama, akasema:

"Ndugu zangu, kwenye mawe ya vilima vile inaweza kuwamo sumu iitwayo aseniki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inaingia majini kidogo sana, kiasi ambacho kwenye pipa zima huwezi kukiona wala kukionja. Lakini ukikinywa miaka na miaka, kinakula ngozi, kinakula ini, kinakula mtu."

"Sisi tunachemsha maji!" akasema mtu.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, ndugu yangu. Hii si kijidudu. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki palepale. Basi naomba kila nyumba iniletee chupa moja ya maji mnayokunywa kila siku. Sitaki mengine. Nataka hayohayo mnayokunywa."

Kisha akakaa kwenye kiti chake, akanywa chai yake, akasubiri chupa. Kumbukeni kiti hicho. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Wanawake wakarudi majumbani na chupa. Nyanzobe alikuwa anajaza ya kwake kwenye ndoo ya mto, ndoo ileile aliyochota alfajiri, Mbuke alipovuka ua na kujifuta mikono kwenye khanga.

"Dada, unafanya nini?"

"Najaza maji."

"Ya mto? Utampelekea mgeni maji ya mto? Mbele ya kijiji kizima?"

"Si ndiyo tunayokunywa? Ameomba tunayokunywa."

"Mgeni huomba kwa adabu, na mwenyeji hutoa kwa adabu. Njoo uchukue kwangu, mtungi umejaa. Bora lawama kuliko fedheha, dada. Usiitie aibu nyumba ya marehemu."

Nyanzobe akafunga kifuniko cha chupa yake mpaka kikalia. "Marehemu alikunywa maji haya mpaka akaenda kaburini. Kama maji haya yana aibu, acha yaone jua. Nenda na mtungi wako, Mbuke. Mimi sina bati la kuficha chochote."

Mbuke akaenda zake. Akajaza chupa yake kutoka mtungi wa mgeni. Jirani yake akajaza kutoka mtungi wa mgeni. Jirani wa jirani akajaza kutoka mtungi wa mgeni. Na kila mwanamke alijaza kwa siri, mlango umerudishwa, na kila mmoja alijisemea moyoni: wenzangu watapeleka ya mto, kipimo kitapatikana kwao, mimi nihifadhi tu heshima ya nyumba yangu. Na wale wachache wenye nyumba za nyasi? Walikwenda kuomba kwa wenye bati, kwa kisingizio cha mgeni wa jioni, wakapewa kimyakimya. Loo! Kijiji kizima kilidanganya neno moja, na kila mdanganyifu alidhani yuko peke yake.

Mpimaji akaanza kazi. Anamimina maji kwenye kichupa, anatia unga wake, anafunika haraka kwa kifuniko chenye kikaratasi cheupe. Kama maji yana aseniki, mvuke wake unapanda na kukichafua kikaratasi: kwanza njano, ikizidi, hudhurungi. Kama hayana, kinabaki cheupe. Watu wamesimama, shingo zimerefuka.

Chupa ya kwanza: cheupe. Watu wakapumua. Chupa ya pili: cheupe. Ya Mbuke: cheupe. Ya Luhende mwenyewe: cheupe. Vigelegele vikaanza. Chupa baada ya chupa, cheupe, cheupe, cheupe. Ikafika chupa ya Nyanzobe. Wakasubiri. Kikaratasi kikapiga njano. Kikaendelea. Kikawa hudhurungi kama chai ya mpimaji iliyokuwa imepoa kando ya kiti.

"Nyumba ya nani hiyo?" akauliza Luhende.

Na mpimaji, badala ya kunyamaza, badala ya kusema ngoja nipime tena, akasoma jina mbele ya umati: "Ya Mama Nyanzobe." Hilo ndilo kosa lake la pili, na ndilo lililouma.

Kwa muda Nyanzobe hakusikia kelele. Alikuwa anakitazama kile kikaratasi. Alikumbuka mumewe akiwa kitandani, midomo imekauka, na yeye akimwinulia kichwa na kumwekea kikombe. Kunywa, Baba, kunywa upate nguvu. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. Kwa mkono wake huu huu.

Alipozinduka, Luhende alikuwa amesimama.

"Jamani, tumejionea wenyewe. Mto ni mmoja, nyumba ni nyingi. Nyumba zote ni safi. Nyumba moja ina sumu. Na katika nyumba hiyo mume alikufa na viganja vigumu. Je, tuseme nini?"

"Lisemwalo lipo!" wakaitikia.

"Mto ni mmoja!" Nyanzobe akapaza sauti. "Umesema mwenyewe, Mzee! Mimi nachota wapi, mbinguni? Nachota palepale wanapochota wake zenu! Hawa wamekuleteeni maji ya mvua!"

Luhende akawageukia wanawake. "Nani alileta maji ya mvua?"

Kila mwanamke akatazama chini. Kila mmoja alijua ya kwake, na kila mmoja aliamini ya wenzake yalikuwa ya mto, na kama ya wenzake yalikuwa ya mto na yametoka safi, basi mto ni safi, na kama mto ni safi, basi Nyanzobe ni mchawi. Mnaona hesabu yao ilivyokwenda? Hesabu nzuri, na jibu la kipumbavu. Mbuke naye akatazama chini. Mkumbukeni Mbuke hapo alipo, na macho yake kwenye vidole vya miguu.

Mpimaji alijaribu kusema neno, lakini nani anamsikia mpimaji watu wakishapata mchawi? Alifunga sanduku lake akaondoka, moyo mzito. Jioni hiyo vijana walikwenda bomani kwa Nyanzobe wakabomoa jiko lake. Wakang'oa nguzo, wakatawanya mafiga, wakavunja vyungu, kwa sababu walisema ndimo anamopikia sumu. Kisha hukumu ikatoka: Nyanzobe ametengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto. Asiazimwe jembe. Na mavuno yakishaingia ghalani, ahame Bulingwa.

Nyanzobe alisimama kwenye majivu ya jiko lake akawaambia: "Sihami. Mume wangu amelala hapa, na mimi nitalala hapa. Mkitaka niondoke, nibebeni, na mnibebe vizuri, maana nitakuwa nauma."

Na kweli hakuhama. Kila asubuhi alikwenda mtoni kama kawaida. Wanawake walimwona wakanyamaza, yeye akawasalimia kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti kubwa, ili wapate shida ya kutoitikia. Alipika nje, juu ya mawe matatu, moshi ukimwingia machoni. Alilia wakati mwingine, na akilia alisema ni moshi, lakini haukuwa moshi. Ilikuwa hasira, na ilikuwa upweke, na upweke ni kitu kibaya, hata kwa mtu mwenye mdomo.

Tumwache hapo kidogo, twende mjini.

Kule maabara, Tusajigwe hakupata usingizi wa raha. Akatoa mabaki ya chupa zake, akayapima upya, safari hii akapima pia chumvi iliyomo. Maji yaliyopita mtoni hubeba chumvi ya mawe na udongo, kidogo, lakini hubeba. Chupa ya Nyanzobe ilikuwa nayo. Zile nyingine hazikuwa na chochote. Akazipima tena. Hazikuwa na chochote. Akakaa chini, akajipiga paji la uso.

"Maji haya hayajawahi kugusa ardhi," akasema. "Haya yametoka mawinguni."

Akaenda kwa mkubwa wake. Mkubwa akamwambia: "Kijiji kizima kimetoka safi. Habari njema hiyo. Unataka nini tena? Iache."

"Siwezi kuiacha, mkuu. Nimemtia mtu matatani."

"Ukirudi huko, unarudi kwa jina lako, si kwa jina la ofisi. Na ukirudi hapa, usishangae ukimkuta mwingine kwenye meza yako."

Tusajigwe akafunga sanduku lake, akapanda pikipiki ya kukodi, akarudi Bulingwa. Kwenye meza yake alimkuta mwingine, naam, na hakupewa nyingine. Lakini hayo ni ya baadaye.

Alifika siku ambayo Mbuke alikuwa na ugeni mkubwa. Wakwe walikuwa wamekuja kumalizia mazungumzo ya mahari ya binti yake, Kabula. Wamekaa, wamekunywa maji ya mvua, wamesifu utamu wake. Mpimaji akapita katikati ya kijiji akipiga kelele kama mwehu: "Njooni mtoni! Wote njooni mtoni!" Watu wakatoka, wakwe nao wakatoka, maana nani anakaa ndani mwehu akipita?

Safari hii mpimaji hakukaa kitini. Akavua viatu, akaingia mtoni mpaka magotini, akachota mwenyewe. Akatia unga, akafunika, akakiinua kichupa juu, kila jicho likione. Njano. Kisha hudhurungi. Akachota juu zaidi, upande wa vilima. Hudhurungi nzito zaidi.

"Sumu iko mtoni," akasema. "Inatoka kwenye vifusi. Nyumba zote zinakunywa. Mama Nyanzobe hana kosa. Kosa ni langu, kwa kuwa nilikaa nikangoja kuletewa."

Mngedhani yameisha hapo. Thubutu! Luhende akakohoa, akasema: "Mpimaji, juzi mto ulikuwa safi, wewe mwenyewe ulituonyesha. Leo una sumu. Na katikati ya juzi na leo, nani amekuwa akija hapa kila asubuhi, peke yake, ana kinyongo na kijiji kizima?"

"Ameutia sumu mto!" vijana wakapiga kelele. "Atoke! Atoke leo!"

Nyanzobe akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha hasira mpaka vijana wakarudi nyuma hatua. Akaingia mtoni na nguo zake, akasimama mbele ya mpimaji, akawageukia.

"Nimeutia sumu mto? Mto mzima? Na vile vilima nilivipanda na gunia begani, eti? Luhende, tazama viganja vyako! Punje hizo ulizipata juzi? Ulikuwa nazo kabla ya msiba wangu. Mnajua mlichomletea mgeni. Kila mmoja anajua. Mnaona bora mimi nife na ninyi mfe, kuliko mwanamke mmoja aseme mbele za watu kwamba nyumbani kwake wanakunywa maji ya mto. Haya, njooni mnitoe. Nani anaanza?"

Vijana wakaanza kuteremka ukingo. Na wallahi wangemtoa, na ndani ya maji mtu hutolewa akiwa hai au akiwa vingine.

"Mimi nilileta maji ya mvua."

Sauti ilikuwa ndogo. Watu wakageuka. Alikuwa Mbuke, amesimama kando ya wakwe zake, khanga ameikunja mkononi.

"Unasemaje?" akauliza Luhende.

"Mimi Mbuke sikuleta maji ya mto. Nilileta ya mtungi wa mgeni. Nikamwambia dada naye achukue, akakataa. Mlipouliza, nilinyamaza. Jiko lake lilipobomolewa, nilikuwa ndani, nasikia kila chungu kinavyovunjika, nikanyamaza. Nimechoka. Mficha uchi hazai. Nyumbani kwangu tunakunywa maji haya, tunapikia maji haya, na watoto wangu nimewakuza kwa maji haya."

Mkwe, baba wa mposaji, akamtazama. "Hata Kabula?"

Mbuke angeweza kusema siyo. Neno moja tu. "Hata Kabula," akasema.

Mkwe akageuka, akajifuta vumbi, akawaita wenzake. "Binti aliyekuzwa kwa sumu hatumpeleki kwetu. Mazungumzo yameisha." Wakaondoka, na hakuna aliyewasindikiza. Mbuke akabaki palepale na machozi yanamtiririka, na kwa hayo hakuusingizia moshi.

Ndipo mwanamke mmoja akasema, "Na mimi nilileta ya mvua." Na mwingine, "Na mimi." Na mke wa Luhende akasema, "Na mimi, Baba Luhende, nisamehe." Ikawa na mimi, na mimi, na mimi, mpaka ukingo mzima ukawa unakiri, na vijana waliokuwa wameteremka wakawa wamesimama, maji yamewafika magotini, hawajui wapande au washuke.

Baada ya hapo mpimaji akapima kila tone la maji lililokuwa karibu na Bulingwa. Visima vya bondeni: hudhurungi. Lambo: njano. Nyanzobe alimwongoza, maana alijua kila njia. Mwishowe wakafika nyuma ya kilima cha pili, kwenye chemchemi ndogo iitwayo Ng'wandu, ambayo watu waliiacha kwa uvivu wake wa kutoa maji. Mpimaji akachota kwa mkono wake mwenyewe. Cheupe. Akarudia. Cheupe. Chumvi ya mawe imo, sumu haimo. Wakatazamana. Nyanzobe akakaa kwenye jiwe akanywa, akanywa, akafikiri juu ya mtu mmoja ambaye hakupata maji hayo.

Lakini chemchemi ile ilitoa maji taratibu. Iliwatosha watu kwa shida, na kwa zamu tu. Na katika nchi ile, chemchemi ya namna hiyo haiachwi bila mwenyewe. Hupewa mtu mmoja, maana walisema chemchemi ya wawili hukauka kwa ugomvi. Mtu huyo hukabidhiwa kata, kile kibuyu cha kuchotea maji. Mwenye kata ndiye anayechota wa kwanza. Ndiye anayepanga nani atangulie na nani afuate. Na akimwambia mtu, wewe leo huchoti, huyo hachoti, hata awe mwenyekiti. Kata haihojiwi, na hainyang'anywi mpaka mwenyewe afe.

Basi wakakusanyika Ng'wandu. Luhende ameshika kata mkononi. Akasema: "Semeni. Nani anaitaka, na kwa nini?"

Tusajigwe akasema: "Mimi siombi huruma, lakini nitasema ukweli. Nilifukuzwa kazi kwa ajili ya maji haya. Bila kipimo changu, mngekuwa mnakunywa mpaka leo, na hii Ng'wandu ingekuwa ya nyani. Sina kwenu wala kwangu sasa. Nipeni kata, nikae hapa, nipime maji haya kila msimu, maana maji hubadilika. Na sina adui hata mmoja Bulingwa, kwa hiyo nitagawa sawa."

"Huna adui," akasema Nyanzobe, "kwa sababu adui zako ulinipa mimi. Ungeinuka kitini siku ile ukatembea mpaka mtoni, ningekuwa na jiko. Ulisoma jina langu kama unasoma jina la aliyeshinda bahati nasibu."

Tusajigwe akainamisha kichwa. "Ni kweli. Na nilirudi."

Mbuke akasema: "Mimi ndiye niliyefungua vinywa. Mpimaji alipima mto, na bado mlitaka kuua mtu. Karatasi haikuwashinda, mlishindwa na neno langu. Nimelilipia neno hilo kwa ndoa ya mwanangu. Dada hakuwa na cha kupoteza kwa kusema kweli, mimi nilikuwa nacho, na nimepoteza. Nipeni kata, ili Kabula awe na kitu cha kusimamia hapa, kwa kuwa kwingine hatapokelewa."

"Neno lako lilichelewa," akasema Nyanzobe. "Lilipita juu ya vyungu vyangu kwanza."

"Lilichelewa," akasema Mbuke. "Lakini lilifika kabla hujatolewa majini."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nyanzobe akasimama.

"Mimi ndiye niliyeleta maji tuliyoombwa. Mtu mmoja katika kijiji kizima. Bila chupa yangu, mpimaji angekwenda na vikaratasi vyake vyeupe na asirudi tena. Nimetukanwa, nimebomolewa, nimetengwa, na sikuhama."

Mtu mmoja nyuma akasema: "Hukuwa na bati, ndiyo maana! Ungekuwa nalo, ungeleta ya mvua kama sisi!"

"Wenye nyasi wenzangu waliomba, wakapewa. Mimi nililetewa mpaka mlangoni, nikakataa. Muulizeni Mbuke." Mbuke akaitikia kwa kichwa. "Lakini kama ningekuwa na bati langu mwenyewe, ningefanyaje? Sijui, na sitawadanganya ili nipate kata. Na jambo jingine sitawadanganya. Mkinipa, Luhende hachoti. Waliobomoa jiko langu hawachoti, wao wala nyumba zao, mpaka walijenge upya kwa mikono yao, mchana, watoto wao wakiwatazama, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake alichonifanyia. Asiyetaka, mto upo pale, aendelee kuunywa. Nilimnywesha mume wangu sumu kwa mkono huu, na mlipokuja kuniambia nimemuua, mlinipiga palepale penye kidonda. Sitasamehe kwa sababu nimeombwa. Nitasamehe nikijengewa."

"Na watoto wa nyumba hizo?" akauliza Mbuke kwa sauti ya chini. "Wao hawakubomoa kitu, dada."

"Basi baba zao wafanye haraka," akasema Nyanzobe.

Watu wakanung'unika. Mmoja akasema huo ni ukatili. Mwingine akasema hiyo ndiyo haki. Luhende akawa anaigeuza kata mkononi, maana akimpa Nyanzobe amejinyima maji, na akimnyima, kila mtu atajua kwa nini.

Mimi nimefika hapo, sisogei tena. Zamu ni yenu. Mmoja alisema kweli peke yake na akakataa kuhama, lakini moyoni amebeba kisasi mchana kweupe. Mmoja alikosea, akarudi kwa hasara yake kulirekebisha kosa, lakini aliyelipia kosa lile ni mwingine. Mmoja alinyamaza mpaka karibu na kifo, kisha akasema, na neno lake likamgharimu mwanawe. Na asiniambie mtu wagawane. Nimeshasema kata ni moja, na jibu la wagawane ni jibu la mwoga.

Wala usijibu kama mpita njia. Jibu kama mtu wa Bulingwa: una kiu, mwanao ana kiu, na siku ile jiko linabomolewa, ama ulishika nguzo, ama ulikuwa ndani unasikia. Utakunywa hapo Ng'wandu maisha yako yote kwa ruhusa ya huyo utakayemtaja. Haya, simama, sema tukusikie: kata ile ungeiweka mkononi mwa nani?